Naomba ushauri: binti yangu anaingia darasa la kwanza akiwa mdogo kuliko wenzake na bado hajui kusoma

Mzazi_Mwulizaji ameandika:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba ushauri kuhusu binti yangu ambaye ametimiza miaka sita hivi karibuni na ambaye anatarajiwa kuanza darasa la kwanza mara baada ya likizo hii. Kwa kuwa alizaliwa karibu sana na tarehe ya mwisho inayotumika kuandikisha watoto, atakuwa miongoni mwa wadogo kabisa darasani, na huenda baadhi ya wenzake wakamzidi kwa karibu mwaka mzima. Anazungumza vizuri, anapenda kusimuliwa hadithi na anahesabu hadi ishirini bila kuruka, ila kusoma bado. Anatambua herufi za jina lake na nyingine chache, na mara kwa mara huandika b mahali pa d. Tena ni mtoto asiyependa kuachwa na mtu ambaye hajamzoea.

Mume wangu anataka tumtafutie mwalimu wa kumfundisha nyumbani ili shule itakapofunguliwa awe tayari anasoma. Dada yangu, kwa upande wake, anashauri abaki shule ya awali kwa mwaka mmoja zaidi. Ningependa kusikia kutoka kwa walimu na wazazi waliokwisha kupita hapa: mtoto wa darasa la kwanza anapaswa kuwa anajua nini siku anayoingia, na ni mambo gani ambayo familia huyasahau kwa kushughulikia herufi na namba peke yake?

Mwalimu_Darasa_la_Kwanza amejibu:

Dada, swali lako ni zuri, na nitaanza na lile linalomsumbua mumeo. Kazi ya darasa la kwanza ni kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo mtoto asiyejua kusoma siku ya kwanza hajachelewa. Ninachokitazama mimi katika wiki za mwanzo ni kama mtoto anaweza kusikiliza maelekezo yenye hatua mbili na kuyatekeleza, kwa mfano “chukua daftari lako, kisha kaa kwenye mkeka”. Kama anaweza kwenda msalani na kujisafisha mwenyewe. Kama anaweza kufunga viatu na vifungo vyake, na kufungua chombo chake cha chakula. Na, kubwa kuliko yote, kama anaweza kumwambia mtu mzima asiye mzazi wake kwamba hajaelewa, anaumwa au anahitaji msaada. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kubashiri shida ya mtoto aliyenyamaza, na mtoto anayezuia haja hadi saa ya kurudi nyumbani hana nafasi kichwani ya kufikiria silabi.

Kuhusu kusoma kwenyewe, msingi wake huanzia masikioni kabla ya macho. Mtoto anayeweza kupiga makofi kwa kila silabi ya neno, akasikia kwamba “meza” na “mama” yanaanza kwa sauti moja, na akaweza kukwambia kinachobaki ukiondoa “ka” kwenye “kalamu”, amekwisha kupiga hatua kubwa hata kama hajagusa penseli. Michezo hiyo haihitaji mwalimu wa kulipwa, kwani inaweza kuchezwa njiani au wakati wa kuosha vyombo. Wanaosoma kwa Kiswahili wana nafuu nyingine, kwa sababu lugha yetu ina irabu tano na karibu kila herufi hutamkwa vilevile popote ilipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, ambao ulilinganisha watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza na wale wa lugha nyingine 12 za Ulaya, ulionyesha kwamba katika lugha nyingi ambazo maandishi yake yanafuata matamshi kwa ukaribu, watoto huweza kusoma maneno kwa usahihi ndani ya mwaka wa kwanza, ilhali wanaojifunza kwa Kiingereza huchukua muda mrefu zaidi. Basi ikiwa lugha ya shule si lugha ya nyumbani, mwelezeni mwalimu mapema, na msiache kuzungumza na kumsimulia mtoto kwa lugha mnayoimudu vizuri, kwa kuwa msamiati na uelewa anaoupata huko humsaidia anapojifunza lugha ya pili.

Kuchanganya b na d ni jambo la kawaida kwa umri huo. Watoto wengi hugeuza herufi hadi miaka saba au minane, na hali hiyo peke yake haimaanishi kwamba mtoto ana tatizo la kusoma.

Kuhesabu hadi ishirini kunahitaji kutazamwa kwa makini zaidi kuliko wazazi wengi wanavyodhani, kwa maana mtoto anaweza kukariri namba kama anavyokariri wimbo bila kujua wingi unaotajwa. Mwekee vifuniko saba mezani na umwombe avihesabu kwa kugusa kimoja kimoja, kisha umuulize, “Viko vingapi?” Akianza kuhesabu upya badala ya kujibu saba, bado hajatambua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla. Halafu vitawanye mbele ya macho yake na urudie swali. Wapo watoto ambao watasema vimeongezeka kwa sababu vimechukua nafasi kubwa zaidi, na hilo halistahili kuchekwa, kwa kuwa mwanasaikolojia Jean Piaget alikwisha kueleza katika karne iliyopita kwamba uwezo wa kuona wingi haubadiliki kwa kubadilishwa mpangilio huimarika karibu na umri wa miaka saba. Vitu vya kushika mkononi, kugawana, kupanga na kulinganisha vitamsaidia kuliko kurasa za kujumlisha.

BabaWaWatatu amejibu:

Ninamheshimu mwalimu, lakini sikubaliani naye kikamilifu. Zipo shule ambazo kwa maandishi zinasema mtoto atafundishwa kuanzia mwanzo, na kwa vitendo zinaanzia pale walipofikia watoto waliotoka shule za awali wakiwa wanasoma. Mtoto asiyejua herufi akiwekwa miongoni mwao, anajifunza upesi sana kwamba yeye ndiye “asiyejua”, na kulifuta wazo hilo ni kazi ngumu kuliko kumfundisha herufi zenyewe. Kwa hiyo, dada, kabla ya kuamua lolote nenda shuleni ukaulize waziwazi: wiki ya kwanza mnafundisha nini? Mtoto asiyesoma husaidiwa na nani, na wakati gani?

Ukiwa hapo, uliza pia kuhusu adhabu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unazitaka nchi zihakikishe nidhamu ya shule inalinda utu wa mtoto, na mzazi ana haki ya kujua hilo linatekelezwaje katika darasa atakalokaa mwanawe. Mwalimu mkuu anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kulijibu.

Mwalimu_Darasa_la_Kwanza amejibu:

Ndugu BabaWaWatatu ana hoja, na ushauri wake wa kuuliza shuleni ninauunga mkono. Sipingi mtoto kufundishwa herufi nyumbani kwa dakika kumi kila siku, kwa sauti ya herufi na si kwa jina lake pekee, huku mkisoma hadithi pamoja. Ninachokipinga ni masomo ya saa nzima wakati wa likizo kwa mtoto wa miaka sita, maana wengi wanaopitia hayo hufika kwangu wakiwa wamechoka kabla ya kuanza.

Muuguzi_wa_Watoto amejibu:

Niongeze upande wa umri na afya. Tofauti ya miezi kumi au kumi na moja ni kubwa katika umri huu, na tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto wadogo kabisa katika darasa hugunduliwa kuwa na tatizo la umakini na utukutu mara nyingi zaidi kuliko wakubwa wao, jambo linaloashiria kwamba utoto wa kawaida wakati mwingine huchukuliwa kama ugonjwa. Kwa sababu hiyo mwalimu anapaswa kuikumbuka tarehe ya kuzaliwa ya binti yako anapompima dhidi ya wenzake. Hata hivyo, hilo si sababu ya moja kwa moja ya kumrudisha nyuma mwaka mmoja, kwani faida anayoipata mtoto mkubwa kiumri huelekea kupungua kadiri madarasa yanavyopanda. Ufini huanza shule ya msingi katika mwaka ambao mtoto anatimiza miaka saba, ilhali Uingereza watoto wengi huingia darasani wakiwa na miaka minne. Ningemrudisha mtoto ikiwa tu anashindwa kujieleza au kujihudumia kwa kiwango kinachotofautiana sana na umri wake, na ikiwa mwaka huo wa ziada utampatia msaada mahususi. Kwa maelezo yako, sioni hali hiyo.

Jambo ambalo familia nyingi hulisahau ni macho na masikio. Mtoto asiyeona vizuri hajui kwamba wengine wanaona zaidi yake, hivyo hatalalamika. Atakunja uso, atakisogelea kitabu au atainuka kwenda karibu na ubao, kisha ataitwa mtundu. Vilevile, mtoto anayepata mafua mara kwa mara anaweza kuwa na majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio ambayo hupunguza usikivu kwa wiki kadhaa bila maumivu yoyote, na darasani ataonekana mkaidi au mzito wa kuelewa. Mpeleke akapimwe vyote viwili kabla shule haijafunguliwa, na uhakikishe kadi yake ya chanjo imekamilika.

Usingizi nao upangwe mapema. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku, na mtoto aliyezoea kuchelewa kulala wakati wa likizo hawezi kurekebishwa usiku mmoja. Anzeni kuusogeza muda wa kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku chache. Begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili wake, yaani kilo 2 hadi 3 kwa mtoto wa kilo 20, na livaliwe kwa mikanda yote miwili.

Bibi_Mlezi amejibu:

Mwanangu, wengine wamekwisha kusema ya herufi na ya hospitali, nami nitasema ya machozi. Mtoto anapolia mlangoni, wazazi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: huondoka kwa kunyatia, au hukaa wakambembeleza hadi mwalimu akawaomba waondoke. La kwanza humfundisha mtoto kwamba hawezi kugeuza shingo, na la pili humthibitishia kwamba mahali hapo pana hatari. Mwage kwa maneno mafupi yaleyale kila siku, mtajie atakayekuja kumchukua na baada ya shughuli gani, kwa kuwa saa hazimwelei bado, kisha uondoke. Ikiwezekana, mpeleke kabla ya siku ya kufungua akaone lango, darasa, choo na mahali pa maji ya kunywa, na umtafutie japo mtoto mmoja wa darasa lake acheze naye.

Tena usishangae akisifiwa na mwalimu kwa utulivu halafu akifika nyumbani alipuke kwa sababu ya soksi. Amejizuia kutwa nzima, na nyumbani ndipo anapojua kwamba hataachwa akikosea. Mpe chakula, mwache apumzike au akimbie nje, ndipo umuulize, na swali lisiwe “Umefundishwa nini?”, maana atakujibu “Hakuna.” Muulize ni nani aliyekaa karibu naye, au ni kitu gani kilichomchekesha.

Mzazi_Mwulizaji ameandika:

Ninawashukuru sana, Bibi, Mwalimu na wengine wote. Mume wangu amesoma majibu haya nasi tumekubaliana kwamba aendelee na darasa la kwanza, tufanye zile dakika kumi sisi wenyewe, na wiki hii tumpeleke kupimwa macho na masikio. Yamebaki mawili: binti yangu anaandika kwa mkono wa kushoto, na jamaa wanasema azoeshwe wa kulia kabla hajaanza. Pia, tufanyeje ikiwa kazi za nyumbani zitamliza?

Mwalimu_Darasa_la_Kwanza amejibu:

Asibadilishwe mkono. Takriban mtu mmoja katika kila kumi hutumia mkono wa kushoto, na kumlazimisha kutumia wa kulia hakumwongezei chochote isipokuwa mwandiko mbaya na hofu ya kuandika. Karatasi yake iwekwe upande wa kushoto wa mwili wake, pembe ya juu ya kushoto ikiinuliwa ili mistari ishuke kuelekea kulia, na penseli aishike juu kidogo ya pale wanaposhika wenzake ili aone anachokiandika. Mwombe mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, la sivyo kiwiko chake kitagongana na cha jirani siku nzima. Na kabla ya mwandiko, vidole vipate nguvu: kufinyanga udongo, kukata karatasi kwa mkasi unaofaa mkono wake, kufungua na kufunga vifuniko.

Kazi za nyumbani katika darasa hili zisimchukue zaidi ya dakika 10 hadi 20. Tafiti nyingi zimepata uhusiano mdogo sana kati ya wingi wa kazi hizo na maendeleo ya watoto wa madarasa ya chini, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkesheza. Akianza kulia, mwache apumzike na mjaribu tena mara moja. Ikishindikana, funga daftari na umwandikie mwalimu mahali alipoishia na muda alioutumia. Usimfanyie wewe, kwa sababu daftari lililojaa majibu sahihi huniambia kwamba ameelewa, nami kesho yake nitaendelea na somo jipya.

Siku mtakapokutana na mwalimu wake, mpeni karatasi moja yenye tarehe yake ya kuzaliwa, lugha mnazozitumia nyumbani, mkono anaoandikia, majibu ya vipimo vya macho na masikio, na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua.