GridFTP kwa Java: kupakia kunaenda, kupakua kunakwama

Wimbi_Tudor
Salaam aleikum, wana-Java wa Pwani. Naandika programu ya kuvuta faili za halijoto ya bahari kutoka seva ya washirika wetu Ulaya. Natumia JGlobus, maktaba ya Java ya GridFTP (itifaki ya kuhamisha faili kubwa). Cheti cha X.509 (kitambulisho cha kidijitali) ninacho, cheti cha muda cha saa 12 natengeneza bila shida, na seva inanipokea vizuri kwenye poti 2811. Nikipakia faili kwenda kwao, inaenda. Nikipakua, seva inakubali amri, kisha kimya mpaka muda unakwisha. Kwenye diski yangu nakuta faili tupu. Ofisi yetu iko nyuma ya NAT ya mtoa huduma (kifaa kinachowachangisha wateja wengi anwani moja ya mtandao), IP ya umma hatuna. Msimbo wenyewe:

setMode(GridFTPSession.MODE_EBLOCK);
setOptions(new RetrieveOptions(4));

Fayawoli ya kompyuta nimeizima, hali ni ile ile.

Fundi_Kisauni
Waaleikum salaam, dada. Vyeti vyako viache, havina kosa. Tazama hiyo MODE_EBLOCK, yaani kutuma data kwa vipande kupitia njia kadhaa. Katika hali hiyo kanuni ya GridFTP ni moja: anayetuma data ndiye anayefungua njia za data, kwa kuwa yeye ndiye anayejua atafungua ngapi. Ukipakia, mtumaji ni wewe, unatoka nje na NAT haikuzuii. Ukipakua, mtumaji ni seva ya Ulaya, nayo inajaribu kuingia kwako. Inagonga NAT ya mtoa huduma, na huko hakuna wa kuifungulia. Ndiyo maana fayawoli yako hata ukiizima haisaidii kitu.

Rudi MODE_STREAM (data kwa mkondo mmoja), ondoa RetrieveOptions (ile 4 ni idadi ya njia), weka setPassiveMode(true). Hapo seva inangoja na programu yako ndiyo inayokwenda.

Utakosa njia nne za pamoja, na kwa umbali huu utalihisi hilo. Dirisha la TCP (data inayoruhusiwa kuwa njiani kabla ya kuthibitishwa) likiwa KB 64, na pakiti ikichukua milisekunde 150 kwenda Ulaya na kurudi, huvuki KB 427 kwa sekunde hata laini yako iwe nono vipi. Kwa hiyo ongeza bafa (kumbukumbu inayoweka kikomo cha dirisha hilo) pande zote mbili: setTCPBufferSize kwa seva, setLocalTCPBufferSize kwako. Anza na MB 2. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanailaumu Java bure.

Kizingo_SSL
Nyongeza kuhusu usalama. Njia ya data ya GridFTP kwa kawaida huhakiki nani ni nani, lakini yaliyomo hayafichwi. Data yenu ikiwa ya siri, weka PROTECTION_PRIVATE kabla ya kuanza kupakua. Halijoto ya bahari sidhani kama inahitaji. Itakula CPU tu.

Wimbi_Tudor
Imekubali, Fundi! Faili ya kwanza imefika nzima, na checksum (namba ya kuhakiki faili) inalingana na yao. Allah akuzidishie. Swali la mwisho: laini ikikatika katikati, nianze upya?

Fundi_Kisauni
Alhamdulillahi. La, usianze upya. Soma ukubwa wa faili uliyonayo, mpe setRestartMarker hiyo idadi ya baiti kupitia StreamModeRestartMarker, na uandike kuanzia hapo hapo.

Ila nikushauri jambo jingine, dada yangu, maana naona kazi yenu ni ya kudumu. Globus Toolkit, kifurushi cha programu kilichobeba GridFTP, iliachwa na waliokuwa wakiitunza mwanzoni mwa 2018. Jumuiya iliuendeleza msimbo wa C kwa jina la Grid Community Toolkit, lakini wewe unategemea msimbo wa Java. Waulize washirika kama seva yao inatoa faili hizo kwa HTTPS au WebDAV (kuhamisha faili juu ya HTTP). Vituo vingi vya fizikia vilivyokuwa vikitegemea GridFTP vimehamia huko. Wakiwa na SFTP (kuhamisha faili kupitia SSH), chukua maktaba ya Java ya Apache MINA SSHD au sshj. Maktaba ya JSch ya zamani, 0.1.55, usiiguse: seva mpya za OpenSSH zinakataa sahihi zake za RSA zenye SHA-1, njia ya zamani iliyodhoofika.

Wimbi_Tudor
Nawaandikia leo kuuliza WebDAV. Wakijibu nitarudi hapa na majibu.