MJADALA: Wahudumu wa dharura walazimishwe kuonana na mshauri nasaha baada ya tukio zito?

Ndugu zangu, mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura hapa Dodoma, mwaka wa kumi na moja sasa. Wiki iliyopita kwenye kikao chetu cha kazi niliuliza swali likazua ubishi mpaka chai ikapoa: dereva wa gari la wagonjwa, muuguzi, askari wa usalama barabarani na askari wa zimamoto, je, iwe lazima waonane na mshauri nasaha baada ya tukio zito, au kila mtu aachwe aende akijisikia? Mimi nasema iwe lazima. Wengi walinipinga, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Ndiyo maana nazileta hapa.

Kwanza nieleze nilikotoka na jambo hili. Kuna dereva niliyekuwa naye zamu moja kwa miaka. Namwita kaka, maana ndiye aliyenipokea kazini. Usiku mmoja tulifuata majeruhi barabara ya Singida, upande wa Bahi. Basi dogo lilikuwa limegongana na lori, likashika moto. Tulirudi na wawili tu walio hai. Kaka akaosha gari mwenyewe, akajaza mafuta, akasaini daftari. Asubuhi kiongozi wetu akampiga begani akamwambia, "Utazoea." Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena.

Kama miezi miwili baadaye tukaenda mnada wa Msalato, kama tulivyozoea Jumamosi. Tulipokaribia majiko ya nyama, kaka alisimama ghafla, akageuka. Nilimkuta garini, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka. Toka hapo akaanza kukwepa zamu za usiku. Simu ikiita kutoka Bahi, ana udhuru. Lori likifunga breki karibu yake, anaruka. Usingizi hauji bila pombe kali, na mkewe akaamini kuna mwanamke mwingine. Haya yote nimeyasoma chuoni: tukio kurudi kana kwamba linatokea sasa hivi, kukwepa kila kinachokumbusha, kushtuka ovyo, na hali hiyo kupita mwezi mzima. Ni ugonjwa unaofahamika, msongo unaotokana na kiwewe. Nimeusoma, nikashindwa kuuona kwa mtu niliyekaa naye kiti cha mbele kila siku. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa walionipinga. Mzee mmoja mstaafu alikuwa wodini Juni 2002, ile treni ya abiria iliposhindwa mlima kule Msagali, ikarudi nyuma na kugonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Akasema, "Sisi hatukupewa mshauri yeyote, na tumelea watoto, tumestaafu salama." Nikamuuliza kwa adabu, mzee wangu, tangu mwaka ule umepanda treni? Akakaa kimya kidogo, akajibu, "Treni ya nini na mabasi yapo?" Sikuendelea.

Hoja iliyonitoa jasho ni ya daktari kijana. Alikumbusha kwamba mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kuwa mzimamoto, alianzisha utaratibu wa kuwakusanya waokoaji muda mfupi baada ya tukio na kuwafanya wasimulie walichoona. Ulienea nchi nyingi. Baadaye tafiti zikaonyesha hauzuii ugonjwa huu, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likashauri usitumike kwa lengo hilo. Akaniuliza: sasa unataka kulazimisha kitu kilichokwisha kukataliwa? Yuko sahihi kuhusu kusimulisha watu kwa nguvu, na hilo nalikubali bila kuzunguka. Wengi wetu hupona wenyewe ndani ya wiki chache, tukipata usingizi, ndugu na jamaa.

Ninachotaka ni kingine. Siku ile ile mtu apumzishwe, aulizwe amekula, anaenda na nani nyumbani. Kisha baada ya mwezi, wote waliokuwepo, na kiongozi wa zamu akiwemo, waonane na mtaalamu nusu saa kila mmoja peke yake. Asitake kusimulia, asisimulie. Mtaalamu amuulize usingizi, hasira, pombe, ndoto. Anayeonekana kuelemewa aanze tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, maana tiba hiyo ipo na inafanya kazi. Lazima ninayoisema ni ya kufika tu. Wote wakienda, hakuna wa kunyooshewa kidole.

Maana kidole ndicho kinachotuua. Hospitali ya Mirembe, ya taifa kwa afya ya akili, iko hapa hapa mjini. Wataalamu ambao mikoa mingine inawatamani, sisi tunao jirani. Lakini nani atakubali kuonekana getini pale? Mjini hapa ukimwambia mtu "nenda Mirembe" umemtukana. Dereva anajua akiandikwa kwenye faili atanyang'anywa funguo, na funguo zikienda, posho ya safari nayo imeenda. Kwa hiyo anajikaza. Ndiyo maana nasema mazungumzo yasifanyikie kwa mkuu wake wala karatasi zisiende kwake, isipokuwa mtu akiwa hatarini kujidhuru au kudhuru wengine. Mpaka huo uelezwe wazi kabla hajafungua mdomo.

Waliosema wataalamu hawatoshi, ni kweli, tuanze na vituo vyenye ajali nyingi.

Na bado sijawagusa bodaboda na wanakijiji, ambao mara nyingi hufika kabla yetu. Desemba 2023 kule Katesh, Mlima Hanang uliposhusha tope, watu waliwachimbua majirani zao kwa majembe. Hao hawana mwajiri wa kuwapangia miadi. Kwao sina jibu, nisaidieni.

Kaka siku hizi anaendesha gari la ofisi. Hajamwona mtaalamu yeyote, na kila nikigusia anabadilisha mada.

Mlioko zimamoto, polisi, kwenye magari ya wagonjwa, hata mochwari: mngepangiwa nusu saa hiyo, mngeenda? Mngetaka akae nani upande wa pili wa meza, na meza hiyo iwe wapi?