Walimu wa kwaya Mombasa, nyimbo mnatuchagulia sisi au mnajichagulia nyinyi?

Jamani, leo nitasema, na anayetaka kununa anune. Mie naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia moja ya hapa Mombasa, jina nalihifadhi.

Jumapili tumeaibika. Wimbo wa mwanzo tuliuanza kwa sauti nne (ya kwanza na ya pili za akina dada, ya tatu na besi za akina kaka), kufika kiitikio cha pili imebaki sauti moja na nusu. Mwalimu akamkodolea macho mpiga kinanda, mpiga kinanda naye akaongeza spika ili atufunike. Misa kwisha, tukaambiwa hatuna bidii.

Bidii ipi tena? Kuna watu wanatoka Likoni, wanabanana kwenye foleni ya feri na lile jua la saa nane, wakivuka watafute tuktuk wawahi mazoezi. Wakifika wanafundishwaje? Mwalimu anatoa simu, anaweka video ya kwaya kubwa ya Tanzania. "Sikilizeni." Tukishasikiliza mara mbili tatu, "haya, twende." Kwenye hiyo video inayosikika ni sauti ya kwanza tu! Sisi ya pili tutaiokota wapi? Akina kaka wa sauti ya tatu wanaimba ya kwanza hiyo hiyo, wameishusha oktavu moja, na mwalimu anatikisa kichwa kwa raha eti imekaa.

Kinachoniuma ni kwamba nota zipo. Zimo kwenye simu yake, solfa safi kabisa, yaani noti zilizoandikwa kwa herufi (d ni do, r ni re, m ni mi), sauti zote nne. Wape besi mstari wao peke yao, waimbe kwa d r m kwanza bila maneno, wakishika walete sauti ya tatu juu yake, kisha sisi, ya kwanza waje mwisho maana wao wimbo tayari wanao kichwani. Solfa John Curwen aliisambaza kule Uingereza karne ya 19 kwa ajili ya watu kama sisi, wasiosoma nota za ile mistari mitano, waweze kuimba sauti nne. Sasa tunayo na hatuitumii, tunategemea spika ya simu.

Halafu ufunguo. Wimbo wa Jumapili umeandikwa do ni G, yaani do inaanzia noti ya G kwenye kinanda, na sauti ya kwanza kwenye kiitikio inagonga d ya juu tena na tena. Hiyo ni G ya juu, wenzangu. Dada zetu pale ni wauza mitumba wa Kongowea, walimu wa chekechea, mmoja ana ujauzito mkubwa. Wanaopanda huko bila kupiga kelele ni wawili. Nikasema tushushe do hadi E, besi yenyewe haiendi chini sana, hakuna atakayeumia. Nikajibiwa kwamba "wimbo utapoteza ladha." Ladha gani ile ya Jumapili? Na waumini, ambao ndio wenye misa, hawakufungua mdomo. Wataimbaje pahali ambapo hata kwaya imeshindwa?

Zaburi nayo imekufa kabisa. Baada ya somo la kwanza anachomeka wimbo wowote wa kuchezeka, bora uwe mpya. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, mwongozo wa Kanisa wa kuadhimisha misa, namba 61, yanakataza waziwazi kuweka wimbo mwingine mahali pa zaburi. Kwaresima ile tumeimba kitu cha shangwe hadi mzee mmoja wa jumuiya akageuka kututazama. (Padre hasemi kitu. Nadhani amechoka.)

Ukiuliza kwa nini kila mwezi nyimbo mpya tupu, jibu ni kwamba kwaya ya parokia jirani tayari wanaziimba. Kumbe tunashindana! Za zamani ambazo kanisa zima linazijua, kuanzia mama wa Kigiriama kiti cha mbele hadi watoto wa Utoto Mtakatifu, zimeachwa kama nguo za mwaka juzi. Na sare mpya tumeshachangishwa, wakati sauti ya tatu bado haijui inaanzia noti gani.

Walimu mliomo humu, msinijie na "nidhamu ya kwaya." Nataka kujua kwenu mnafanyaje. Mnaangalia masomo ya Jumapili kabla ya kuchagua, au mnaangalia video iliyotazamwa zaidi? Mnapanga nyimbo mapema kiasi gani? Sisi orodha inaingia kwenye kundi la WhatsApp Ijumaa usiku, mazoezi ni Jumamosi alasiri, misa ni saa moja asubuhi.

Pasaka ndiyo hiyo inakuja na ameshatangaza misa nzima mpya, kuanzia Utukufu hadi Mwanakondoo. Sauti ya pili tumekubaliana: bila nota mkononi, zilizochapishwa, na bila kupitishwa mstari wetu peke yetu, siku hiyo tutaketi na waumini.