Mpwa wangu anataka kuona galaksi kibete kwa darubini ya mkono, nimwambieje?

Kuchele_95: Wakuu, shikamooni. Nipo Shangani, Mtwara. Mpwa wangu wa kidato cha pili kasoma habari za M60-UCD1, galaksi kibete (yaani kundi dogo la nyota angani) iliyosongamana kupita kiasi, tangu siku hiyo halali. Nina darubini ya mkono ya 10x50 (inakuza mara kumi), lenzi za upande mmoja zimeingia ukungu. Nimemwahidi Jumamosi tunaenda ufukweni Msimbati akaione. Jana ndo nikajiuliza, hivi inaonekana kweli? Nisije nikaumbuka.

Mzee wa Karabai: Marahaba. Utaumbuka. Hicho kitu kiko mbali miaka ya nuru kama milioni 54 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri mwaka mzima), na upana wake ni miaka ya nuru 300 hivi tu. Njia Nyeupe, galaksi yetu sisi, ni kama 100,000! Humo mote kumeshindiliwa uzito wa Jua mara milioni 140. Mwaka 2014 wanasayansi walipopima kwa darubini ya Gemini, Hawaii, wakakuta ndani yake shimo jeusi (kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauchomoki) lenye uzito wa Jua mara milioni 21. La galaksi yetu halizidi sana milioni 4.

Binti Mikindani: Mwambie ni korosho iliyobaki bibo likishaliwa. Zamani ilikuwa galaksi kubwa, ikasogea karibu na galaksi jitu M60, ikanyang'anywa nyota za nje. Kiini kikabaki na shimo lake.

Mzee wa Karabai: Dada, korosho haikai ndani ya bibo. Sema kokwa la embe. Tena si galaksi kibete zote za aina hii zilizaliwa hivyo, nyingine huenda ni mafungu ya nyota yaliyonenepa tu.

Binti Mikindani: Haya, kokwa. Ila Jumamosi muonyeshe Omega Centauri, fungu kubwa la nyota. Mwezi huu wa tano, saa nne usiku, iko kusini, upande wa Msumbiji. Anzia Msalaba wa Kusini, zile nyota nne zenye umbo la msalaba, nyoosha mkono, panda juu kushoto upana wa ngumi moja na nusu. Kwa darubini utaona kama unga uliomwagika kidogo: nyota milioni 10 hivi, umbali wa miaka ya nuru 17,000. Wengi wanaamini nayo ni kiini cha galaksi iliyomezwa na hii yetu. Laleni chali mchangani, viwiko mbavuni, mkono ukitetemeka huoni kitu.

Kuchele_95: Asante dada. Na ule ukungu?

Mzee wa Karabai: Fumba jicho la upande huo. Na usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanatoka, taa zao zipeni mgongo.