Mama kaambiwa achomwe damu yake mwenyewe gotini ili gegedu liote. Nimlipie?

Mwana_wa_Tatu: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 63, eksirei inaonyesha gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa) la goti la kulia limesagika. Asubuhi anashika ukuta kwanza mpaka mguu ukubali, na kwenye daladala anatanguliza wa kushoto. Kongoro kanywa, bamia kala, wapi. Juzi kituo kimoja cha binafsi wamesema watamtoa damu, waizungushe kwenye mashine, wachukue sehemu yenye vichocheo vya ukuaji na kumchoma gotini. Sindano tatu, laki tano kila moja. Hela ipo, ila ni kodi ya fremu yangu. Gegedu linaota kweli?

Kachumbari77: Mjomba wangu alichoma. Miezi miwili alitembea vizuri, kisha akarudi palepale. Ila ukimwambia zile sindano ni bure mnagombana.

DawaAsilia_Original: Ute unarudi kwa siku 14, njoo inboksi.

Kachumbari77: Nilijua utakuja tu.

BintiMaabara: Mkuu, nimewahi kukuza seli za gegedu maabara, ngoja nijaribu. Gegedu halina mishipa ya damu. Seli zake ni chache, hazizidi asilimia 5 ya ujazo wake, kila moja imejifungia kwenye kitundu chake, inakula kinachopenya kutoka kwenye ute goti linapobanwa na kuachiwa, kama sponji. Kwenye goti lenye afya, kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF-1 kikifika, seli inatengeneza kolajeni, zile nyuzi za protini, na agrikani, ile inayoshika maji.

Goti likiugua, seli inakuwa kiziwi. IGF-1 ipo, ila kuna protini zinazoidaka njiani, na hata ikifika mwitikio ni hafifu. Huku interleukini-1, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe, inaisukuma seli hiyohiyo imwage vimeng'enya vinavyokula gegedu lake yenyewe. Kwa hiyo kumwaga vichocheo zaidi ni kumpigia kelele kiziwi. Tena TGF-beta, kichocheo kingine ambacho kimo kwenye hiyo damu, ukiwachoma panya gotini kwa wingi kinawaotesha vinundu vya mfupa pembeni.

Kuna dawa inaitwa sprifermin, imetokana na kichocheo kingine cha ukuaji, FGF-18. Majaribio yake ya watu 549 yalichapishwa 2019. Gegedu liliongezeka! Baada ya miaka 2, unene wa gegedu la waliopata dozi kubwa uliwazidi wa sindano isiyo na dawa kwa milimita 0.05 hivi. Maumivu? Hapakuwa na tofauti ya maana.

Na hiyo ya damu, Australia waliipima kwa watu 288, matokeo yakatoka 2021: wengine sindano tatu za damu, wengine tatu za maji ya chumvi. Mwaka ulipoisha maumivu yalikuwa yamepungua pande zote, karibu sawa, na gegedu lilizidi kupungua pande zote. Kwa hiyo mjomba wa Kachumbari simbishii, nafuu aliipata.

Mwana_wa_Tatu: Na kongoro?

BintiMaabara: Ni kolajeni kweli, lakini tumbo linaisaga kama nyama nyingine. Haifiki gotini na barua ya utambulisho. Kunyweni kwa utamu.

Fizio_wa_Mtaa: Mama ana uzito mkubwa? Utafiti wa Marekani wa 2005 ulionyesha kilo moja ikipungua, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kila hatua. Halafu mkalishe kwenye kiti cha plastiki, anyooshe mguu polepole, ahesabu mpaka tano, ashushe. Mara kumi, asubuhi na jioni. Paja likipata nguvu, goti linapumua. Akivimba au goti likiwa la moto, arudi hospitali.

Mwana_wa_Tatu: Nimemsomea yote. Akauliza milimita 0.05 ni kiasi gani, nikachukua karatasi ya daftari nikamwambia nusu ya unene wa hii. "Laki kumi na tano kwa nusu karatasi?" Nikamwambia mama, hiyo ni ile dawa nyingine, hii yako haijafika hata hapo. Amecheka mpaka kajishika goti. Fremu nimelipia, na kiti cha plastiki kiko uani tangu jana jioni.