Naombeni ushauri: Jumamosi ninapimwa fimbo za gofu kwa mara ya kwanza

Mgeni wa Kijani
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimecheza gofu kwa miaka miwili, handikapu yangu (takriban mapigo ya ziada ninayoruhusiwa kwa raundi) ni 24, na muda wote huo nimetumia fimbo alizonipa mjomba wangu, ambaye ananizidi urefu kwa karibu kichwa kizima. Jumamosi nina miadi ya dakika 90 na fundi atakayenipima ili nitengenezewe seti ya aironi (fimbo zenye kichwa cha chuma, zinazopewa namba) inayonifaa, na kadiri siku inavyokaribia ndivyo ninavyoingiwa na woga wa mtahiniwa. Ninapiga kwa mkono wa kulia, na mipira yangu mingi ya aironi huangukia kushoto mwa shabaha. Je, nichukue somo kwa mwalimu siku moja kabla ili nisiaibike? Nibebe nini? Na nitajuaje kwamba ninapimwa kweli, wala siuziwi tu?

Aironi Saba
Karibu sana, ndugu. Somo la siku moja kabla liache kabisa. Utafika na upigaji mpya ambao mwili wako haujauzoea, fundi atakutengenezea fimbo za mtu huyo mpya, na baada ya wiki mbili atabaki yule wa zamani ameshika fimbo zisizo zake. Mtu akienda kwa fundi cherehani hajibani tumbo wakati wa kupimwa kiuno.

Mimi nilijibana. Siku yangu ya kwanza niliona kasi ya fimbo ikiandikwa kwenye skrini kila nilipopiga, nikaanza kuifukuzia namba hiyo kwa nguvu ambazo sijawahi kuzitumia uwanjani, na matokeo yake nikapewa shafti (mipini ya fimbo) ngumu zilizonitesa msimu mzima. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu fundi alipima alichoonyeshwa.

Beba fimbo zako zote za sasa, hata zile unazozionea haya, kwa kuwa bila kuzipiga hizo kwanza hakuna cha kulinganisha nacho. Beba viatu na glovu unazochezea, pamoja na mipira michache ya aina unayotumia siku zote, kisha umwombe fundi akuruhusu kuipiga. Mipira ya mazoezi mara nyingi huruka umbali mfupi zaidi na huzunguka tofauti.

Bibi Weji
Mwanangu, hiyo mipira ya kushoto yaweza kuwa na maelezo mepesi kuliko unavyodhani. Fimbo iliyotengenezewa mtu mrefu, ikishikwa na mtu mfupi, huelekea kugusa ardhi kwa kisigino cha kichwa chake, yaani upande ulio karibu na mpini, huku ncha ikiwa juu, na uso wa fimbo iliyokaa hivyo huelekea kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Fundi anaweza kubandika utepe chini ya fimbo na kukupigisha juu ya ubao mgumu. Alama ikitokea karibu na kisigino, fimbo imesimama wima mno kwako. Ikitokea karibu na ncha, imelala mno. Aironi nyingi hukunjwa nyuzi moja au mbili bila shida, ingawa zilizofuliwa hukubali kukunjwa kwa urahisi zaidi kuliko zilizomiminwa kwenye kalibu.

Mwambie pia akuangalie unene wa mshikio, jambo ambalo wengi hulipuuza. Ukishika fimbo kwa mkono wa kushoto, vidole viwili vya katikati viguse kiganja kwa wepesi tu. Vikizama kiganjani, mshikio ni mwembamba. Visipofika, ni mnene.

Msema Kweli
Niwe tofauti kidogo na wenzangu. Mwenye handikapu ya 24 ambaye upigaji wake hubadilika kila mwezi angesubiri. Angekunja fimbo za mjomba, angepunguza urefu wake, na fedha inayobaki angeilipia masomo ya miezi sita.

Aironi Saba
Hoja yako ina uzito, mkuu, lakini urefu wa mtu na umbali wa kifundo cha mkono wake kutoka ardhini haubadiliki kwa masomo. Mwanafunzi mwenye fimbo ndefu mno hujifunza kujikunja na kukwepa ili aufikie mpira vizuri, na mwalimu hutumia miezi hiyo sita kuondoa tabia iliyoletwa na fimbo yenyewe.

Bibi Weji
Kuhusu kuuziwa: fimbo mpya ikikupa yadi 15 zaidi, kabla hujafurahi muulize fundi uso wake umeinama nyuzi ngapi. Kadiri namba ya aironi inavyopungua, ndivyo nyuzi zinavyopungua na mpira kwenda mbali zaidi. Aironi namba 7 ya zamani ilikuwa na nyuzi 34 hivi, na nyingi za siku hizi zina 30 au pungufu, kwa hiyo huenda umepiga namba 6 iliyoandikwa 7. Omba uonyeshwe mpira ulipanda kimo gani na ulishuka kwa pembe gani. Ukishuka karibu na nyuzi 45 utasimama kwenye kijani, pale penye shimo; ukishuka kwa pembe ndogo utateleza hadi nyuma, na hizo yadi 15 hazitakufaa kitu. Tena usiangalie mpigo wako mmoja uliofika mbali kuliko yote, angalia jinsi mipira kumi ilivyotawanyika.

Ukichoka, sema. Mpira wa sabini hupigwa na mtu mwingine kabisa.

Mgeni wa Kijani
Nawashukuru sana, hasa Bibi. Leo jioni nilikwenda uwanja wa mazoezi nikapiga mipira kumi kwa kila aironi na kuandika umbali, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Namba 8 na namba 9 zinafika mahali pamoja, takriban yadi 115, na namba 5 haifiki mbali kuliko namba 6. Je, nimweleze fundi, au nimwache agundue mwenyewe?

Bibi Weji
Mpe karatasi hiyo kabla hujapiga mpira wa kwanza. Fimbo za zamani hupinda kidogo kidogo kwa kugonga ardhi, na huenda hizo mbili, 8 na 9, zimekaribiana nyuzi. Atazipima kwa dakika moja. Ile 5 ni habari nyingine: kwa kasi ya wengi wetu haiupandishi mpira vya kutosha, nami yangu niliiweka kando nikachukua haibridi, fimbo inayoupandisha mpira kwa urahisi kuliko aironi ndefu. Kanuni zinakuruhusu kubeba fimbo zisizozidi 14, na hakuna anayekulazimisha kuzifikisha idadi hiyo.

Msema Kweli
Basi nenda, ndugu. Ukimaliza, omba uandikiwe urefu, nyuzi, aina na uzito wa shafti, na unene wa mshikio, hata kama hutanunua siku hiyohiyo.