Nimeuziwa amplifaya ya pili wakati ya kwanza ilikuwa nzima! Fundi hakupima hata waya

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Laki sita na themanini zimenitoka kwa mashine ambayo sikuihitaji, na aliyenishauri niinunue hakushika multimita, kile kipimo cha umeme, mbele yangu hata mara moja.

Sebuleni nina amplifaya ya stirio, huu ni mwaka wa saba na haijawahi kunisumbua. Ina spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), zimeungwa kwenye matundu ya A. Mwezi wa nne binti yangu alikuwa na komunio, nikataka muziki ufike uani kwenye turubai. Nikaenda duka moja Kariakoo, nikanunua spika nne za nje, zile za kufunga chini ya paa, kila moja omu 8. Duka likanipa na fundi wao. Akapitisha waya, akaunga mbili kushoto na mbili kulia, zote kwenye matundu ya B, yaani ya jozi ya pili ya spika, nyuma ya mashine. Akajaribu kwa sauti ya chini dakika tano, akapokea ujira wake, akaondoka.

Siku ya shughuli mtoto anaingia na wasimamizi wake, wimbo umepandishwa, kina mama wamesimama na vigelegele. TAK! Kimya. Taa nyekundu inawaka na kuzima, na kifuniko cha juu kimoto huwezi kuweka kiganja. Nikazima, nikasubiri ipoe, nikawasha. Dakika kumi, TAK tena. Ilijikata mara sita siku ile. Jioni binti yangu akaniuliza kwa nini wimbo wake haukuisha. Sikuwa na jibu.

Jumatatu fundi akaja, akaitazama tu amesimama mlangoni: "Mkubwa, hii imechoka, haiwezi kubeba spika sita. Chukua yenye wati nyingi." Nikachukua, duka lile lile. Katikati hapo mvua za masika zikawa zimepiga siku tatu mfululizo. Mashine mpya ikaungwa kwenye waya ule ule, na hiyo haikufika hata dakika moja. Sauti ilipotoka tu, TAK. Fundi anasema nayo itakuwa na hitilafu ya kiwandani, niongeze hela nipewe ya daraja la juu. Hapo ndipo nilipogoma.

Nikaazima multimita kwa jirani anayetengeneza umeme wa magari. Nikachomoa waya zote za spika, nikawasha ile mashine ya zamani peke yake: imetulia. Nikarudisha spika za sebuleni: saa nzima inaimba. Nikaongeza za nje upande wa kushoto tu: inaimba. Upande wa kulia: TAK, hapo hapo.

Nikazima, nikachomoa waya wa kulia na kuupima. Ilisoma omu 0.4. Kushoto ilisoma 3.7, ambayo ndiyo sawa kwa spika mbili za omu 8 zilizoungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, maana multimita husoma chini kidogo ya ile namba iliyoandikwa kwenye spika. 0.4 si spika, hiyo ni shoti. Nikaufuata waya ukutani hadi nyuma ya tangi la maji, nikakuta kiungo. Alikuwa amepungukiwa waya akaunga pale, akazungushia tepu ya kawaida, juani na mvuani. Nilipoigusa ikateleza yenyewe, gundi imeyeyuka. Ndani nyuzi za shaba zimeota ukijani, na nyuzi mbili tatu za upande mmoja zimelala juu ya mwenzake.

Lakini hicho ni kosa la pili. La kwanza ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halihitaji hata kipimo, linahitaji kusoma. Nyuma ya amplifaya imeandikwa kwa herufi nyeupe kwamba ukiwasha A na B kwa pamoja, kila upande usipungue omu 8. Fundi aliinama pale na tochi ya simu mdomoni, maandishi yako juu ya vidole vyake! Spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba zinakuwa omu 4. Ukiwasha na ile ya sebuleni ya 8, mashine inaona omu 2.7 hivi. Omu zikishuka, mkondo unapanda, joto linapanda, na mashine inajikata ili isiungue. Ndiyo maana kwa sauti ya chini ilivumilia na kwa sauti kubwa ikakata baada ya dakika kadhaa. Shoti kamili haisubiri joto, inakata papo hapo. Dalili mbili tofauti, na fundi wa kazi hiyo alitakiwa kuzitofautisha kwa kusikia tu.

Na hizo wati nyingi alizoniuzia hazibadilishi omu za spika zangu hata kidogo.

Nimekata kile kiungo, nimevuta waya mzima mpya usio na kiungo wa milimita za mraba 2.5, ndani ya bomba. Spika za nje nimeziunga mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, kila upande omu 16. Sauti ya uani imepungua kiasi, naongeza kidogo, basi. Jumapili mashine ya zamani, hiyo "iliyochoka", imepiga toka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kifuniko vuguvugu tu.

Dukani wananiambia kifaa kikishafunguliwa boksi hakirudi. Sikukifungua kwa kupenda, mtu wao ndiye aliyekifungua, kwa ushauri wao, na risiti ninayo. Jumamosi narudi pale na kile kiungo kwenye mfuko wa nailoni na multimita mkononi. Wakikataa naenda Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda na mlaji. Kama kuna mkuu humu amewahi kurudishiwa hela ya kifaa cha umeme kwa njia hiyo, aniambie alianzia dirisha gani na alibeba karatasi zipi.